Utalii wa Brazil msiupime kwa kuhesabu vichwa vya wageni tu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini. Nimesoma makala yenu kuhusu utalii wa Brazil, ile iliyosifia kwamba mwaka 2024 nchi ile imevunja rekodi kwa kupokea wageni zaidi ya milioni 6.7 kutoka nje. Namba ni ya kweli, sina ubishi nayo, ila makala nzima kuanzia juu hadi chini ilikuwa wageni, wageni, wageni, picha ya Cristo Redentor, lile sanamu kubwa la Yesu kule Rio, picha ya kanivali, imeisha. Mimi nimesoma Salvador, jimbo la Bahia, nimekaa na wale watu na nimewazoea, na kiukweli iliniuma kuona gazeti letu linaelezea utalii wa nchi kubwa kama ile bila kumtaja hata mwenyeji mmoja. Naomba nafasi nieleze, na mnisamehe mapema kama nitarefusha.

Tuanze na hiyo milioni 6.7 yenyewe. Brazil ni kilomita za mraba milioni 8.5, na sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 203, sasa kwa ukubwa huo wageni hao ni wachache, tena wanaoongoza ni majirani zao wa Argentina ambao wanavuka mpaka na magari yao mwezi wa kwanza wanaenda kukaa bichi za jimbo la Santa Catarina halafu wanarudi kwao. Mwaka wa Kombe la Dunia 2014 wageni walikuwa kama milioni 6.4, mwaka wa Olimpiki 2016 kama milioni 6.6, yaani viwanja vyote vile, barabara zote zile, na namba ikasogea kidogo tu. Halafu ikaja korona, 2021 wageni kutoka nje hawakufika hata milioni moja. Waliumia kama dunia nzima ilivyoumia, lakini waliwahi kuinuka kwa sababu anayejaza vyumba na mabasi kule ni Mbrazil mwenyewe. Desemba hadi Februari ni joto kwao na shule zimefungwa, basi mwalimu, fundi, muuza duka, dada wa saluni, wote wanatafuta pa kwenda, na safari inauzwa kwa kulipa kidogo kidogo, mara kumi au kumi na mbili, kama mtu anavyokopa friji. Huo ndio utalii wa Brazil. Mgeni wa kutoka mbali anakuja juu yake.

Na kinachomuwezesha huyo fundi kwenda ufukweni ni sheria. Hapa ndio nataka wasomaji watulie kidogo. Iko sheria yao ya mwaka 1988, namba 7.661, inasema bichi ni mali ya umma ya matumizi ya wananchi wote, na njia ya kufika bichi na baharini iwe wazi muda wote. Bichi za Rio kama Copacabana na Ipanema, hata pale mbele ya hoteli ambayo chumba cha usiku mmoja ni mshahara wa mwezi wa mtu, mchanga ni wa wote, yeyote anashuka na kandambili zake anatandika kanga yake pale pale. Jumapili ya jua kali Rio ukienda utaona familia nzima imetoka mitaa ya mbali ya kaskazini, wamepanda basi au metro, wana sanduku la barafu, kuku wa kukaanga, unga wa muhogo uliokaangwa, bibi kakalia kiti cha kukunja, watoto wako majini. Na pembeni kuna vijana wamebeba madebe mawili ya bati mabegani, moja lina chai baridi ya majani ya mmea unaoitwa mate, lingine lina maji ya limau, wanakuchanganyia upendavyo, huku mifuko ya biskuti za Globo inaning'inia. Mwaka 2009 manispaa ilitaka kuyapiga marufuku hayo madebe kwa kisingizio cha usafi na utaratibu, watu wakapiga kelele mji mzima, mwisho wa siku 2012 wale wachuuzi wakatangazwa kuwa urithi wa utamaduni wa mji. Mhariri, hebu fikiria mchuuzi wa bichi anatangazwa urithi!

Lakini isidhaniwe haya yalikuja kirahisi. Mwaka 1984, wakati Leonel Brizola ni gavana wa Rio, yalianzishwa mabasi ya kutoka kaskazini ya mji kupitia handaki la Rebouças hadi bichi za kusini, na matajiri wa kule kusini walilalamika waziwazi kwamba bichi zao zinajaa watu wa ovyo. Hadi leo kuna neno la dharau la kumuita mtu anayebeba chakula chake bichi. 2015 mabasi mengi ya njia ile yalipunguzwa na vijana weusi wakawa wanashushwa na polisi njiani kabla hawajafika. Na kule Angra dos Reis, pwani ya jimbo la Rio, kuna nyumba za kifahari zimezungushiwa mageti kiasi kwamba sheria inasema bichi ni ya wote lakini ukitaka kufika inabidi uende kwa boti. Kwa hiyo sheria ipo na mapambano yapo, vyote viwili.

Sasa kuna jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa na ndilo kubwa kuliko yote. Kule Brazil ardhi ya ukingo wa bahari, mita 33 kuhesabu kutoka kwenye alama ya maji kujaa ya mwaka 1831, ni ya serikali kuu, na anayekaa pale analipa kodi maalum. Kuna pendekezo la kubadilisha katiba, wanaliita PEC 3 ya 2022, lilipita bunge la chini mwaka huo huo likaenda seneti, linataka ardhi hiyo igawiwe majimbo na manispaa, na wanaoikalia kwa shughuli binafsi waweze kuinunua iwe yao moja kwa moja. Mei 2024 mjadala ulilipuka nchi nzima. Hata mwanasoka Neymar aliingia humo, maana alikuwa ametangaza kushirikiana kwenye mradi wa majumba ya kifahari pwani ya kaskazini mashariki, muigizaji Luana Piovani akamshukia, wakatupiana maneno mtandaoni siku kadhaa, wenye mradi wakasema wao hawahusiani na pendekezo hilo. Wanaolitetea wanasema mchanga wenyewe utabaki wa umma na watu wa kawaida watapumzika na kodi ya kizamani. Nimewasikia na hoja ya kodi naielewa, kuna familia za kawaida kabisa zinaumia nayo. Lakini mimi siliafiki hata kidogo, kwa sababu mchanga ukiwa wa umma na nyuma yake ukuta mmoja wa kilomita nzima, yule bibi mwenye kiti cha kukunja atapita wapi?

Nije Salvador, mji ninaoupenda kuliko yote kule. Ulikuwa makao makuu ya Brazil mpaka 1763, na ni mji wa watu weusi, ukitembea mitaani unaona sura za nyumbani. Utalii wa Salvador ukiuliza umesimama juu ya nini watakuambia makanisa ya dhahabu na kanivali, ila mimi nasema umesimama juu ya wale kina mama wanaoitwa baiana, waliovaa magauni meupe mapana na vilemba, wamekaa nyuma ya meza na karai la mawese linachemka, wanakaanga acarajé. Acarajé ni bajia za kunde, wala sio mfano, ndio hizo hizo, kunde zinalowekwa zinamenywa zinasagwa na kitunguu zinapigwa mpaka ziumuke, ila zao ni kubwa kama ngumi, zinakaangwa kwa mawese halafu zinapasuliwa zinajazwa kamba wakavu na pilipili na mchuzi mzito. Asili yake ni Wayoruba wa Afrika Magharibi, ilikuja kwenye majahazi ya watumwa, na wanawake waliuza bajia hizi mitaani toka enzi za utumwa, wengine wakajikomboa kwa pesa hiyo hiyo. Kazi hiyo serikali yao imeiandikisha kuwa urithi wa taifa.

Basi ilipokaribia Kombe la Dunia, FIFA ina masharti yake ya kwamba kuzunguka uwanja wanauza wadhamini tu. Uwanja wa Fonte Nova uko katikati ya Salvador, na kina mama walikuwa wanauza pale miaka na miaka. Wakaambiwa ondokeni. Hawakukubali! Chama chao kilisimama, wakaandamana na magauni yao meupe siku ya ufunguzi wa uwanja mwaka 2013, wakakusanya saini, mpaka FIFA ikalegea, na kwenye Kombe la Mabara mwaka huo wakaingia kuuza kina mama 6. Sita ni wachache, najua, na wengi walibaki nje ya geti. Lakini nieleze kitu kimoja, Mhariri, wale wageni waliokuja kutazama mpira, walipoulizwa Salvador kuna nini, walitaja bajia. Hawakutaja soda ya mdhamini.

Sio kila mahali walishinda. Pelourinho, ule mji mkongwe wa Salvador wenye nyumba za rangi na mawe ya kukanyagia, uliandikishwa UNESCO mwaka 1985, na wakati ule ulikuwa umechakaa, wanakaa maskini, mafundi, wanamuziki, kundi la ngoma la Olodum lilianzia humo 1979. Miaka ya 90 serikali ya jimbo ikaamua kuukarabati kwa ajili ya utalii, na ikawatoa mamia ya familia kwa fidia ndogo. Nyumba zikapakwa rangi, zikawa maduka ya vinyago na migahawa. Ni pazuri, siwezi kukataa, mchana ngoma zinalia na watu wanapiga picha. Ila nenda siku isiyo ya msimu, saa za jioni, mitaa ya nyuma, utakuta madirisha yamefungwa na hakuna mtoto anayecheza nje. Walioutengeneza ule mji uwe na sauti walipelekwa pembezoni, na sasa wanapanda basi kurudi kuja kupiga ngoma pale walipozaliwa.

Rio nako mambo kama hayo. Vila Autódromo ilikuwa mtaa wa familia karibu 600 kando ya ziwa, pembeni ya pale palipojengwa Olympic Park. Walibomolewa wakabaki kama 20, waliokataa katakata kuondoka, wakajengewa vijumba vyeupe siku chache kabla ya michezo kuanza, na hao waliobaki wakafungua makumbusho yao wenyewe Mei 2016, makumbusho ya watu waliohamishwa, wanakutembeza wanakuonyesha hapa palikuwa kanisa, hapa palikuwa kwa fulani. Na kule Complexo do Alemão, kwenye vilima vya favela, yaani mitaa ya maskini, serikali ilijenga magari ya kamba 2011, vituo 6, watalii wakapanda wakapiga picha kutoka juu. Wakazi walikuwa wanaomba mifereji ya maji taka. Oktoba 2016, Olimpiki imeisha tu, magari yakasimama.

Kuna sehemu moja Rio ambayo naisema kwa uzito kwa sababu inatuhusu sisi. Mwaka 2011 wakati wanachimba bandarini kwa ajili ya maandalizi hayo hayo ya Olimpiki walikuta mawe ya gati la Valongo. Gati lile lilijengwa 1811 kushushia watumwa, na 1843 likafunikwa likajengwa gati lingine juu yake kumpokea mke wa mfalme, yaani waliifukia historia ya watu ili malkia akanyage pazuri. Inakadiriwa Waafrika kama laki 9 walishukia pale. Wengi walitoka Kongo na Angola, lakini wengine walitoka upande wetu wa bahari, Quelimane, Inhambane, Kisiwa cha Msumbiji, miongoni mwao Wamakua, ambao ndugu zao wako hapa hapa Masasi na Mtwara hadi leo. UNESCO iliandikisha gati hilo 2017. Karibu na pale kuna familia ilikuwa inakarabati nyumba yake 1996 ikakuta mifupa chini ya sakafu, kumbe ni makaburi ya waliofika wakiwa wanakufa, wakaigeuza nyumba kuwa makumbusho. Siku hizi vijana weusi wa Rio wanawatembeza wageni mtaa ule wote wanauita Afrika Ndogo, wanaeleza wenyewe historia ya wazee wao, na pesa inaingia mifukoni mwao. Nilitembea nao na sikuweza kuongea kwa muda. Gazeti la Kiswahili linaandika utalii wa Rio linaacha Valongo, hapana, hilo sikubali.

Kwenye mbuga na mito wana mambo ya kujifunza kweli. Kuna mji mdogo unaitwa Bonito, jimbo la Mato Grosso do Sul, una mito ya maji maangavu kwa sababu ya mawe ya chokaa, unaelea na miwani ya kuogelea unaona samaki kama wako hewani. Toka 1995 wana mfumo wa vocha moja, kila kivutio kina idadi ya watu kwa siku, huingii bila muongoza watalii, vocha unanunua kupitia wakala wa pale mjini, idadi ikijaa imejaa, hata uwe nani. Mafuta ya jua huruhusiwi kujipaka kabla ya kuingia majini. Kwa hiyo muongozaji wa kijijini ana kazi ya uhakika na mto unapumua. Adui yao sasa ni mashamba ya soya, miaka ya karibuni mvua kubwa ikinyesha udongo unashuka mito inageuka kahawia, na hapo vocha haisaidii kitu. Pantanal, lile bwawa kubwa la nyasi, wafugaji walikuwa wanaua onça, yule paka mkubwa mwenye madoa anayekaribiana na chui wetu ila ana mwili zaidi, kwa sababu anakula ng'ombe. Utafiti wa 2017 ulipiga hesabu kwamba sehemu moja ya Pantanal onça wanaingiza kama dola milioni 6.8 kwa mwaka za utalii, wakati hasara ya ng'ombe wanaoliwa ni kama dola laki 1 na 20 elfu. Wafugaji wengine wakafungua vyumba vya wageni wakaweka bunduki chini. Halafu 2020 moto ukala zaidi ya robo ya Pantanal.

Kisiwa cha Fernando de Noronha nakitaja kwa kifupi, wanatoza ada ya mazingira kwa kila siku unayokaa, na 2023 walikubaliana ukomo wa wageni 132,000 kwa mwaka. Sawa kabisa. Tatizo ni kwamba kimekuwa cha wenye nacho, fundi wetu wa kulipa kidogo kidogo hakifikii.

Mahali nilipopaona utalii umekaa sawasawa ni kijiji cha wavuvi kinaitwa Prainha do Canto Verde, jimbo la Ceará. Kuna watu wa kutoka nje walitaka ardhi yao kwa sababu bichi ni nzuri. Mwaka 1993 wavuvi wanne walipanda jangada, chombo chao kidogo cha tanga kama ngalawa isiyo na kuta, wakasafiri kwa upepo mpaka Rio kwenda kupeleka malalamiko, maelfu ya kilomita. Kesi zilienda miaka na miaka, na 2009 serikali ikatangaza eneo lao kuwa hifadhi ya wavuvi wenyewe. Wana vyumba vya wageni ni vyao, wanapika wao, wanakupeleka baharini wao, na ardhi haiuzwi kwa mtu wa nje. Wameungana na vijiji vingine vya pwani ile kwenye mtandao wa Rede Tucum toka 2008. Kamwe hutaona Prainha kwenye takwimu za rekodi, wageni wao ni wachache, lakini mvuvi bado anaamka anaiona bahari yake mlangoni.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni hili. Mfuatilie lile pendekezo la katiba la ardhi ya bahari mtuambie limefikia wapi, watu wa pwani yetu watalisoma, nawahakikishia. Na kama mtapata uwezo wa kumtuma mwandishi, Ethiopian wanaruka Addis mpaka São Paulo toka 2013, asiishie Copacabana. Aanze na Valongo, aende Salvador akae na baiana mmoja kuanzia anavyoloweka kunde alfajiri mpaka anafunga meza usiku, amuulize anauza ngapi msimu na ngapi siku za mvua, anakaa wapi, na kodi ya nyumba imepanda kiasi gani toka wageni waongezeke. Akihitaji mtu wa kumtafsiria Kireno au kumuunganisha na waongozaji wa kule, mimi nipo, bure kabisa, mnipate kupitia barua pepe niliyoambatanisha.

Wenu msomaji wa siku nyingi,
Tanga